Mlimani: Chuo Kilichojengwa kwa Upepo na Kivuli

Kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekaa juu ya Observation Hill, kilima kilicho kilomita 13 hivi magharibi mwa katikati ya jiji, ndiyo maana wengi huiita Mlimani bila kuongeza neno. Chuo chenyewe hakikuanzia huko. Kilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki sita na siku kadhaa kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kikiwa chini ya malezi ya Chuo Kikuu cha London. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 13. Masomo yalitolewa ndani ya jengo jipya la TANU kwenye Mtaa wa Lumumba, jengo ambalo chama kililiachia kwa muda ili nchi isisubiri majengo ndipo ianze kusomesha wanasheria wake. Huku darasa hilo likiendelea mjini, chuo cha kudumu kilikuwa kikiandaliwa kilimani, na mwaka 1964 walimu na wanafunzi wakahamia.

Ramani za awali zilichorwa na kampuni ya Kiingereza ya Norman & Dawbarn. Enzi hizo ni wachache waliozungumzia mabadiliko ya tabianchi, wala hakuna aliyepima jengo kwa hesabu ya hewa ukaa. Hata hivyo, majengo yaliyotokana na ramani hizo yanatimiza mengi ambayo siku hizi jengo hupewa cheti kwa kuyatimiza: yanapozwa na upepo, yanapata mwanga wa mchana, na yamesimama katikati ya miti. Historia ya Mlimani ni historia ya jinsi ujuzi huo ulivyopatikana, ulivyotumika, na ulivyoachwa uchakae machoni pa watu walioendelea kuishi ndani yake.

Mambo yote yanaanzia kwenye hali ya hewa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Joto la mchana hucheza kati ya nyuzi 28 na 32 za Selsiasi karibu mwaka mzima, usiku haupoi sana, na hewa imejaa unyevu wa bahari. Mvua ya mwaka hufika milimita 1,100 hivi, nyingi ikinyesha katika masika na vuli. Katika hali kama hiyo kinachompoza mtu ni jasho linalokauka mwilini, na jasho halikauki pasipo hewa kutembea. Ukuta mnene unaosaidia Dodoma, ambako usiku huleta ubaridi, hausaidii sana pwani. Hapa jengo linahitaji upepo kwanza, kisha kivuli. Upepo upo: kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kutoka kusini mashariki katika miezi inayofuata hadi Oktoba. Kilima kilicho wazi huupata upepo huo kabla haujavunjwa na paa za mji.

Watu wa pwani waliyajua haya kwa karne nyingi. Nyumba za mawe za Lamu, Zanzibar na Kilwa zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, dari zake zikibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa, vyumba vikawa vyembamba na virefu. Ua wa ndani ulivuta hewa moto juu na kuleta mwanga katika vyumba visivyo na dirisha la barabarani. Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Kariakoo na Ilala ilishika mkondo mwingine: baraza mbele, ujia katikati unaopitisha hewa kutoka mlangoni hadi uani, vyumba pande mbili, na paa lililotoka nje kiasi cha kukinga ukuta dhidi ya jua na mvua. Fundi aliyeijenga hakuwa na kipimo cha joto. Alikuwa na kizazi baada ya kizazi cha watu waliolala ndani ya nyumba kama hiyo na kusema wapi panafuka moto.

Ujuzi wa aina hiyo ulikuja kuandikwa vitabuni kama taaluma baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati Uingereza ilipoanzisha vyuo vikuu katika makoloni yake. Mwaka 1948 vilianza viwili ambavyo historia ya Mlimani haiwezi kuviruka: Ibadan nchini Nigeria na Mona nchini Jamaika. Cha Ibadan kilichorwa na Maxwell Fry na mkewe Jane Drew. Walijenga majengo yenye upana wa chumba kimoja, wakayaelekeza yapokee upepo, na kuta za nje wakazifanya za zege lenye matundu, hasa kwenye maktaba, ili hewa na mwanga vipite na jua libaki nje. Mona ilichorwa na Norman & Dawbarn, wale wale waliokuja kuchora Dar es Salaam. Graham Dawbarn, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, ndiye pia aliyebuni kituo cha televisheni cha BBC huko London kilichofunguliwa mwaka 1960.

Mwaka 1953 ulifanyika mkutano London kuhusu usanifu wa nchi za joto. Chanzo chake kilikuwa malalamiko ya mwanafunzi wa Kinigeria aliyekuwa akisoma Manchester, Adedokun Adeyemi, aliyeona kwamba anafundishwa kujenga nyumba za kuhifadhi joto ilhali anarudi nchi inayolikimbia. Mwaka uliofuata idara ya usanifu wa tropiki ikaanzishwa katika shule ya Architectural Association, ikiongozwa kwanza na Fry na baadaye na Otto Koenigsberger, Mjerumani aliyewahi kuwa msanifu mkuu wa serikali ya Mysore huko India. Inafaa kusemwa wazi kwamba mengi yaliyofundishwa katika idara hiyo kama sayansi mpya yalikuwa yamekusanywa kutoka kwa watu wa India, Afrika Magharibi na Karibi, na majina ya mafundi wao hayakuandikwa popote. Lakini kuyaandika kuliyafanya yapimike, na kipimo kikayawezesha kuhamishwa kutoka nyumba ya familia moja hadi jengo la wanafunzi mia tatu. Kazi hiyo ilihitaji hesabu ambayo fundi wa mtaani hakuwahi kuombwa kuifanya.

Hesabu ya kwanza ni ya jua. Kwa latitudo ya Dar es Salaam, jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba. Mwezi Juni huinamia kaskazini, Desemba huinamia kusini, lakini saa sita mchana halishuki chini sana upande wowote. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza kukingwa na kipande kifupi cha dari kilichotokeza nje. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna kinga rahisi namna hiyo, kwa sababu jua la asubuhi na la alasiri huja likiwa chini, likaingia moja kwa moja kitandani na mezani. Ndiyo sababu kanuni ya kwanza ya usanifu huu ni kulilaza jengo kwa urefu kutoka mashariki hadi magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini, na ncha mbili zibaki karibu bila uwazi. Bahati ya Dar es Salaam ni kwamba jengo lililolazwa hivyo huipata kaskazi upande mmoja na kusi upande wa pili, zote zikija kwa mshazari. Pale mteremko wa kilima unapolazimisha jengo kugeuka, jua huzuiwa na mabango ya zege yaliyosimama wima mbele ya madirisha.

Hesabu ya pili ni ya upana. Hewa ikiingia dirishani hupoteza nguvu kadiri inavyokwenda mbali, na chumba kikipakana na chumba kingine mgongoni, haina pa kutokea. Kwa hiyo vyumba hupangwa safu moja, mlango ukifungukia kwenye varanda iliyo wazi na dirisha likiwa upande wa pili. Mtu anayetembea varandani katika majengo ya zamani ya Mlimani huuona mpangilio huo bila kuelezwa: mkono mmoja milango, mkono mwingine bonde na miti, na kwenye ngazi ukuta wa matofali ya matundu unaomwaga vipande vya mwanga sakafuni. Vioo vya luva vinavyofunguka vipande vipande huachia karibu dirisha lote lipitishe hewa, tofauti na kioo cha kuteleza ambacho hata kikifunguliwa chote huziba nusu. Matundu ya juu ya mlango huendelea kupitisha hewa hata mlango ukiwa umefungwa usiku. Varanda yenyewe ni kinga ya ukuta, ni njia ya kupita mvua ikinyesha, na ni mahali pa kukaa.

Jengo linalojulikana zaidi ni Ukumbi wa Nkrumah, uliopewa jina la rais wa kwanza wa Ghana. Paa lake la zege lililokunjwa limekuwa alama ya chuo kizima, na mwaka 2010 picha yake iliwekwa nyuma ya noti ya shilingi 500, ikiwa na wahitimu mbele yake. Wengi waliishika noti hiyo bila kujua walichokuwa wakikitazama. Paa lililokunjwa hupata nguvu kutokana na mikunjo yake, kama karatasi inavyosimama ikikunjwa, kwa hiyo zege jembamba linaweza kufunika ukumbi mpana. Urefu wa paa una kazi pia: hewa iliyopata moto kutoka kwa mamia ya watu hupanda juu, mbali na vichwa vyao. Zege hilo lilikuwa ghali. Kiwanda cha saruji cha Wazo kilianza uzalishaji mwaka 1966, miaka miwili baada ya chuo kuhamia kilimani, hivyo saruji ya majengo ya kwanza ilitoka nje ya nchi. Kila aliyechora alikuwa na sababu ya kutoimwaga ovyo.

Ubora wa mpangilio huu ulionekana katika maisha ya chuo pia. Miaka ya mwisho ya 1960 na mwanzo wa 1970 Mlimani ilikuwa moja ya sehemu zilizochangamka kuliko zote barani kwa mijadala ya siasa. Walter Rodney kutoka Guyana alifundisha hapo, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa Dar es Salaam. Mijadala ilianzia ukumbini ikamalizikia varandani, kwenye ngazi na kwenye Uwanja wa Mapinduzi hapo chuoni. Jengo lenye korido ya ndani iliyozibwa huwafanya watu watoke darasani waondoke zao. Varanda yenye upepo huwafanya wasimame. Haitakuwa kutia chumvi kusema kwamba sehemu ya historia ya fikra za Afrika ilizungumzwa ikiwa imeegemea kingo za zege za Mlimani.

Ardhi ilishughulikiwa kwa uangalifu uleule. Majengo yalipandishwa kwenye migongo ya kilima, na mabonde mengi yakaachiwa miti na nyasi. Uamuzi huo una faida ya maji kuliko hata ya sura. Udongo wa vilima vya Dar es Salaam una mchanga mwingi na huchukuliwa upesi na mvua ya masika. Ukishavuliwa majani, korongo huanza kama mchirizi mdogo kando ya barabara na baada ya misimu michache linakula msingi wa nyumba. Bonde lenye miti hupokea maji ya paa na ya barabara, huyapunguza mwendo, na kuyapa muda wa kuzama. Maji yanayotoka kilimani huishia katika vijito vya upande wa Ubungo na Msimbazi kwa kusini, na upande wa Mto Mlalakuwa kwa kaskazini. Wakazi wa chini ya vijito hivyo wanajua tofauti kati ya mvua iliyopita msituni na mvua iliyopita kwenye lami.

Miembe, mikorosho, miarobaini, mijohoro na mikrismasi hutia kivuli barabara na maegesho. Kivuli cha mti kina sifa ambayo kivuli cha bati hakina: jani hupoteza maji na kupoza hewa inayolizunguka, ilhali bati hupata moto na kuutupa chini. Kati ya majengo, njia za miguu zilizoezekwa huwawezesha wanafunzi kutoka darasa hadi darasa bila kupigwa na jua la saa saba. Tumbili wamebaki kama wakazi wa kudumu, na mwanafunzi mpya huonywa mapema kuhusu dirisha lililoachwa wazi na ndizi mezani. Kuwapo kwao ni ushahidi kwamba vichaka vya kilima havijakatwa vipande vidogo mno kiasi cha kuwanyima njia.

Upande ambao wageni hawapelekwi kuutembelea ndio wenye somo kubwa zaidi. Majitaka ya kampasi huteremka kwa mvuto wa mwinuko hadi kwenye mabwawa yaliyochimbwa kwenye ardhi ya chuo. Hakuna mtambo wala injini. Katika bwawa la kwanza uchafu mzito hutuama chini na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Maji ya juu hupita kwenye mabwawa yanayofuata, ambako mwani wa kijani hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya jua, na oksijeni hiyo hulisha bakteria wa aina nyingine wanaomaliza kazi. Mwishoni, katika maji ya kina kifupi, jua lenyewe huua vijidudu vingi vya maradhi. Kinachohitajika ni eneo, muda na jua. Dar es Salaam ina jua la kutosha, na kilima kilikuwa na eneo.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1990 wahandisi wa chuo walianza kuboresha mfumo huo kwa matete. Walitengeneza vitanda vya changarawe vyenye sakafu isiyovuja, wakapanda matete ya kienyeji, yale yale yaotayo kingoni mwa mito, na kuyapitisha maji ya mabwawa chini ya uso wa changarawe. Maji hayaonekani juu, kwa hiyo mbu hawapati pa kutaga na harufu haitoki. Mizizi hupeleka hewa chini, changarawe hukamata chembechembe, na bakteria wanaojishikiza kwenye mawe na mizizi hula uchafu ulioyeyuka. Mtu akisimama pembeni ya kitanda kama hicho anaona shamba dogo la matete linaloyumba na upepo na bomba moja linalotoa maji maangavu. Utafiti huo haukubaki kwenye majarida. Mifumo ya aina hiyo ilijengwa baadaye katika shule, vyuo na magereza mikoani, mahali ambapo mtambo wa umeme usingedumu mwaka mmoja bila vipuri. Katika mambo yote ambayo Mlimani imeyafanya kwa ajili ya mazingira, hili linastahili sifa ya kwanza, kwa sababu lilifanyiwa utafiti hapo, likajaribiwa kwa uchafu wa hapo, na likafaa kwingine.

Chuo kilikua. Mwaka 1963 kilikuwa kimeunganishwa na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Julai 1, 1970 kikawa chuo kikuu cha taifa kinachojitegemea. Kitivo cha uhandisi kilianza mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Jirani yake, shule ya upimaji iliyohamia kilimani mwaka 1958, na ambayo bado imeachia mtaa mzima jina la Survey, ikawa Chuo cha Ardhi mwaka 1974 na Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2007. Hivyo kilima kimoja kikawa na watu wanaochora majengo, wanaoyajenga na wanaopima uwanja.

Miaka ya 1980 fedha zilipungua, na masharti ya kupunguza matumizi ya serikali yalipokuja, kitu cha kwanza kukatwa kilikuwa matengenezo. Jengo la upepo halivunjiki kwa kishindo. Kioo kimoja cha luva hupasuka na kuzibwa kwa boksi. Wavu wa mbu hutoboka, dirisha likaanza kufungwa jioni. Mfereji huziba, maji yakaingia ukutani. Kila jambo ni dogo, na hakuna bajeti ya jambo dogo. Miaka iliyofuata idadi ya wanafunzi ilipanda hadi kupita 20,000. Mabweni yakajaa, na waliokosa nafasi wakahifadhiwa na wenzao kitanda kimoja, desturi ambayo wanachuo wameipa jina la kubebana. Chumba kilichopimiwa pumzi za watu wawili kikabeba wanne. Joto lililolaumiwa kwa jengo lilikuwa joto la watu.

Kisha vikaja viyoyozi. Kwa nje vinaonekana kama masanduku meupe yaliyotundikwa kwenye kuta ambazo hazikuchorwa kuyabeba, kila sanduku likidondosha maji na kutoa hewa moto varandani, pale pale wanapopita wengine. Kiyoyozi kinataka chumba kilichofungwa, basi matundu ya juu ya milango yakazibwa, luva zikang'olewa na kuwekwa vioo vya kuteleza, na varanda zingine zikajengewa kuta kuwa ofisi. Chumba kilichokuwa kikipitisha hewa kwa bure kikawa hakikaliki umeme ukikatika. Na umeme ulikatika. Katika mgawo wa mwaka 2006 na ule wa 2011, ukame ulipoyakausha mabwawa ya kuzalishia umeme, aliyekuwa katika chumba cha zamani ambacho hakikuguswa alifungua dirisha akaendelea kusoma.

Umeme huo una historia inayorudi mpaka kilimani kwa njia isiyotarajiwa. Mradi wa Kihansi chini ya milima ya Udzungwa, wenye uwezo wa megawati 180, ulipokamilika mwaka 2000 uligeuza maji mengi ya maporomoko. Katika manyunyu ya maporomoko hayo aliishi chura mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyegunduliwa mwaka 1996 tu, na ambaye hajapatikana mahali pengine duniani. Manyunyu yalipopungua, na ugonjwa wa kuvu ulipoingia, chura huyo alitoweka. Mwaka 2009 akatangazwa kuwa amekwisha porini. Waliosalia ni wale waliokuwa wamepelekwa mapema katika bustani za wanyama za Marekani. Agosti 2010, vyura 100 walirudishwa kutoka Bronx na Toledo na kutunzwa katika kituo maalumu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi wakarudishwa Kihansi. Kila kiyoyozi nchini hupata umeme wake kutoka mahali fulani, na safari hii gharama iliyolipwa mbali ililetwa kulelewa chuoni.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ilifanya tathmini ya athari kwa mazingira kuwa sharti kabla ya miradi mikubwa. Ilikuja wakati mwafaka, kwa sababu muongo huo kilima kilianza kubanwa. Sehemu ya ardhi ya chuo kando ya Barabara ya Sam Nujoma ilikodishwa, na mwaka 2006 kituo cha biashara cha Mlimani City kikafunguliwa hapo, kikiwa na maegesho mapana ya lami. Mapato ya ardhi yana faida yake kwa chuo kinachohangaika kulipa ankara, lakini hekta ya lami hupeleka mtoni karibu maji yote ya mvua inayoiangukia, na hesabu hiyo hailipwi na mpangaji. Aprili 2017 yalifunguliwa mabweni mapya 20 yaliyojengwa na Wakala wa Majengo Tanzania kwa ajili ya wanafunzi 3,840, hatua iliyopunguza kubebana kuliko mpango wowote wa kabla yake. Novemba 2018 ikafunguliwa maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Maktaba yenye kompyuta nyingi na karatasi za kuhifadhiwa ina sababu ya kutaka hewa kavu yenye ubaridi. Ofisi ya kawaida na darasa la wanafunzi arobaini havina sababu hiyo.

Vyuo vingine vya Afrika Mashariki vimefika kwenye mambo haya kwa njia zao. Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka mwaka 2014 paneli za umemejua za kilowati 600 juu ya mapaa yake. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Lang'ata, kina maktaba iliyobuniwa na msanifu Musau Kimeu, ambamo hewa hupozwa kwa kupitishwa kwenye mawe yenye maji kabla ya kuingia ndani. Ni kazi nzuri, na ni kazi ya Nairobi: mji ulio juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari una usiku wa baridi unaoyapoza mawe, na hewa yake ni kavu kiasi cha kupokea maji. Njia hiyo ikiletwa Dar es Salaam itaongeza unyevu ambao tayari umezidi. Paneli za jua zinafaa pande zote mbili, ila paneli iliyowekwa juu ya jengo linalotazama magharibi hutumika kulipa deni la mchoro mbaya.

Sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga nje ya kilima. Kupitia mradi wa elimu ya juu wa HEET, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 mwaka 2021 kwa ajili ya vyuo mbalimbali nchini, kampasi zinaanzishwa Lindi na Kagera, na taasisi ya sayansi za bahari inapata majengo Buyu, Zanzibar. Sehemu hizo tatu hazifanani. Lindi na Buyu ni pwani yenye kaskazi na kusi kama Dar es Salaam, na ramani za miaka ya 1960 zinaweza kufundisha mengi huko. Kagera iko kwenye nyanda za juu za Ziwa Viktoria, mvua ni nyingi, jioni ni baridi, na chumba kinachovujisha upepo kila upande kitawatesa watu.

Wanaosimamia kampasi hizo waanze na dira, rekodi ya upepo na ramani ya mabonde kabla ya kuchagua rangi ya vioo. Miti mikubwa iliyopo ipimwe na kuwekwa kwenye mchoro kama vitu ambavyo jengo litavizunguka. Na kule Mlimani, varanda zilizozibwa zifunguliwe pale inapowezekana, luva zirudishwe, na fungu la matengenezo madogo litengwe kila mwaka bila kuguswa. Kulilaza jengo mashariki hadi magharibi hakuongezi gharama hata shilingi moja kukiamuliwa siku ya kwanza ya kuchora. Msingi ukishamwagwa, hakuna fedha ya kuligeuza.